Karo ya Chuo Bila Kuzama kwa Madeni: Mwongozo kwa Wazazi na Wanafunzi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Matokeo ya KCSE yakishatoka, simu nyumbani hazinyamazi. Kwanza ni pongezi, halafu habari za KUCCPS, halafu barua ya kujiunga na chuo. Ndani ya barua ile kuna ukurasa mmoja ambao kila mtu anaurudia kuusoma kama haamini: karatasi ya karo. Hapo ndipo maswali yanaanza kutufikia. Nikope kwa simu? Nisubiri bursari? Na hii HELB, si ni ya watu wa chuo kikuu peke yao?

Tuseme jambo moja mapema, hata kama litakushangaza kulisikia kwa kampuni ya malipo. Mkopo wa simu ndio uwe wa mwisho kabisa kwenye orodha yako ya karo. Kuna pesa za bei nafuu zaidi, na nyingine hazirudishwi kabisa, ila zina foleni, fomu na siku ya mwisho. Anayejua utaratibu wake mapema ndiye anayezipata. Kwa hivyo tutaanza na zile zisizorudishwa, tushuke hadi kwenye mikopo, tumalizie na namna ya kulipa bila pesa kupotea njiani.

Pesa isiyorudishwa kwanza

Ukiingia chuo kikuu cha umma kupitia KUCCPS, serikali ina mafungu mawili kwa ajili yako. La kwanza ni skolashipu, ambayo hairudishwi. La pili ni mkopo wa HELB, ambao unarudishwa. Mfumo huu ulitangazwa Mei 2023, na unawapanga wanafunzi kwa daraja kulingana na uwezo wa familia. Aliye daraja la 1, yaani familia yenye kipato cha chini kabisa, anapewa skolashipu ya asilimia 70 ya gharama ya kozi na mkopo wa asilimia 25, na familia inabaki na asilimia 5. Aliye daraja la 5 anapewa skolashipu ya asilimia 30 na mkopo wa asilimia 30, na asilimia 40 iliyobaki ni ya mzazi.

Tuifanyie hesabu, maana asilimia pekee hazina uchungu. Tuseme kozi inagharimu Sh200,000 kwa mwaka. Familia ya daraja la 1 inalipa Sh10,000. Familia ya daraja la 5 inalipa Sh80,000. Tofauti ni Sh70,000, kila mwaka, kwa miaka minne. Kwa hivyo daraja unalowekwa lina uzito kuliko bursari yoyote utakayoipata baadaye, na daraja hilo linatokana na majibu uliyojaza mwenyewe kwenye tovuti: wazazi wanapata kiasi gani, ndugu wangapi wako shuleni, ulisoma sekondari gani, nyumbani mnatumia nini.

Na hapa ndipo familia nyingi za biashara ndogo zinajiumiza bila kujua. Mama anayeuza mahamri na mbaazi pale Magogoni akiulizwa, "Unapata ngapi kwa siku?" anajibu elfu tatu. Mtoto anazidisha kwa siku 26 anaandika Sh78,000 kwa mwezi. Lakini elfu tatu ni mauzo! Ukitoa unga, sukari, mafuta, nazi, mkaa na kodi ya kibanda, huenda anabaki na mia saba. Mia saba mara 26 ni Sh18,200. Hicho ndicho kipato. Mwenye tuktuk naye ni vivyo hivyo: toa mafuta, toa hesabu ya tajiri, toa pancha na sevisi, halafu ndio uandike. Hatukwambii udanganye. Taarifa za uongo zinaweza kukutokea puani, na pia unamnyima mwenzako nafasi yake. Tunasema andika kinachobaki mkononi, si kinachopita mkononi.

Taarifa ya miamala ya simu inaweza kukusaidia hapa, lakini isome kwa akili. Pesa za chama ulizopokea kama mweka hazina, au za jirani asiye na laini aliyetumiwa kupitia kwako, zote zinaonekana kama zimeingia kwako. Si zako.

Ukiwekwa daraja ambalo unaona si lako, nafasi ya kukata rufaa huwa inafunguliwa. Kata. Ambatisha kinachothibitisha hali ilivyo: cheti cha kifo kama mzazi alifariki, barua ya kuachishwa kazi, barua za shule za wale ndugu wengine. Usikae kimya ukingoja mtu akuone.

Mfumo wenyewe umepita mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba, na 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo kwa muda, kwa hivyo ukaendelea kutumika. Serikali nayo ikatangaza kupunguza karo za kozi za vyuo vikuu vya umma kuanzia Septemba 2025. Maana yake kwako ni rahisi: usitumie karatasi ya karo ya kaka yako aliyeingia mwaka wa juzi. Soma ya kwako.

Sasa bursari. Bara hapa kwetu, fedha za NG-CDF zinatolewa kwa kila eneobunge: Likoni, Changamwe, Jomvu, Kisauni na Nyali. Unaomba kule unakoishi, si kule chuo kilipo. Kwa mfano, Kenya Coast National Polytechnic iko upande wa Barabara ya Kisauni, lakini mwanafunzi wake anayeishi Mtongwe ni wa ofisi ya Likoni, na anayeishi Chaani ni wa Changamwe. Fomu inapigwa muhuri na chuo, inathibitishwa mtaani, kisha pesa zikitoka zinaenda moja kwa moja chuoni kwa jina lako. Huzishiki. Yeyote anayekwambia bursari yako iko tayari ila utume kwanza "pesa ya usajili" kwenye simu yake ni mwizi, hata kama anakujua jina la ukoo.

NG-CDF nayo ina mawingu yake. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria iliyoianzisha ni kinyume cha katiba, ikaipa muda hadi 30 Juni 2026. Bursari za kaunti pia ziliingia kwenye mvutano mapema 2025, kuhusu nani hasa ana mamlaka ya kulipia elimu ya juu. Usiache kuomba kwa sababu ya kesi, lakini usipange muhula mzima juu ya bursari moja. Omba na ule mfuko ulio chini ya ofisi ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, yaani NGAAF. Mwanafunzi mwenye ulemavu aulizie Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina msaada wake wa masomo. Msikitini na kanisani pia uliza. Kamati nyingi za zaka na za jumuiya hulipia wanafunzi kimyakimya, na mara nyingi anayekosa ni yule aliyeona haya kuuliza.

HELB: deni, lakini deni la bei nafuu

Hapana, HELB si ya chuo kikuu peke yake. Mwanafunzi wa TVET anaomba, na wa KMTC anaomba. Bodi hii iliundwa kwa sheria ya 1995, ingawa mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu nchini ilianza rasmi 1974. Wazee wengi waliokopa miaka ile waliichukulia kama zawadi ya serikali, wakasahau. Siku hizi hakuna kusahau.

Riba yake kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, na unapewa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo kabla ya kuanza kulipa. Shida inakuja ukinyamaza. Faini ya kutolipa ni Sh5,000 kila mwezi, na jina lako linaweza kupelekwa CRB. Faini ya miezi kumi ni elfu hamsini juu ya deni lenyewe. Kama umemaliza na kazi haijapatikana, waandikie, waeleze. Mkopeshaji anayejua uko wapi ni tofauti na anayekutafuta.

Mambo yanayochelewesha watu kwenye HELB mara nyingi ni madogo madogo, na mengi yanahusu simu. Laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Laini ya mjomba, au ile uliyonunua barabarani ikiwa tayari imesajiliwa, itakukwamisha. Majina yawe yale yale kwenye kitambulisho, cheti cha KCSE na akaunti ya benki. Mtu anaitwa Mohamed kwenye cheti, Mohammed kwenye kitambulisho na Muhammad benki, halafu anashangaa kwa nini maombi yamekwama. Rekebisha mapema. Utahitaji pia PIN ya KRA na wadhamini, kwa hivyo zungumza nao kabla, wasishtukie majina yao yako kwenye deni.

Kitambulisho chenyewe ni kisa kirefu kwa vijana wengi wa Pwani. Kama umefika miaka 18 na bado hujaenda kwa chifu na ofisi ya usajili, nenda wiki hii, kabla hata ya matokeo. Kila kitu kingine kwenye makala hii kinasubiri kile kikadi.

Na hili ndilo linalowaangusha wa mwaka wa pili: maombi ya HELB ni ya kila mwaka. Ukipata mwaka wa kwanza, si kwamba umepata mpaka umalize. Kuna maombi ya kuendelea, na yana siku yake ya mwisho. Weka ukumbusho kwenye simu.

Kuna pia pesa ya kujikimu, ambayo kwenye ule mfumo wa madaraja ni kati ya Sh40,000 na Sh60,000 kwa mwaka, aliye daraja la 1 akipata zaidi. Ikigawanywa kwa miezi inakuwa kidogo sana, na inaingia kwa mafungu. Ikiingia, usiiache yote kwenye simu unayonunulia data na viazi karai. Peleka sehemu kwenye akiba iliyofungwa siku ile ile, kabla marafiki hawajajua imeingia.

Punguza karo kabla ya kuitafuta

Watu wengi wanaanza na swali la "nitapata wapi pesa" kabla ya kuuliza kama kozi ile ile inapatikana kwa bei ya chini. Sisi tungeanza na la pili.

Mtu wa bara ya Mombasa ana bahati ambayo watu wa kaunti nyingi hawana: vyuo viko umbali wa matatu. Kenya Coast National Polytechnic iko Barabara ya Kisauni. Bandari Maritime Academy, zamani Bandari College, iko upande wa bandarini. Chuo cha walimu kiko Shanzu. Technical University of Mombasa iko Tudor, na Pwani University iko Kilifi. Ukipata nafasi Eldoret na ukapata kozi hiyo hiyo Tudor, hesabu ya hosteli, chakula na nauli ya likizo ndiyo itakayoamua, si jina la chuo.

Kukaa nyumbani si bure pia. Chukua mwanafunzi wa Likoni anayesoma Barabara ya Kisauni. Feri kwa anayetembea kwa miguu hailipiwi, lakini matatu ng'ambo inalipiwa. Ukiweka Sh100 kwenda na Sh100 kurudi, siku tano kwa wiki, kwa muhula wa wiki 13, ni Sh13,000. Wengine hapo ndipo wanapoacha masomo, si kwa sababu ya karo, ni nauli iliyowashinda wiki ya tisa. Iweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na ikiwezekana mpange nauli ya wiki mzima Jumapili, siyo kuombana mia kila asubuhi mlangoni.

Kozi za ufundi ndizo nafuu zaidi. Kabla ya mfumo wa 2023, karo ya vyuo vya TVET vya umma ilikuwa imewekwa Sh56,420 kwa mwaka, serikali ikilipa Sh30,000 na mwanafunzi Sh26,420. Viwango vimebadilika tangu hapo, lakini bado hakuna njia rahisi kuliko hii ya kupata diploma ya umeme, mapishi au ujenzi. Vyuo hivi vinapokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba, kwa hivyo kukosa pesa mwezi huu si kukosa mwaka mzima. Vituo vya ufundi vya kaunti viko chini zaidi kwa bei. Na kama tayari wewe ni fundi wa mkono, umejifunzia gereji ya Changamwe au kwa fundi wa mbao, huenda huhitaji kukaa darasani miaka miwili. NITA, ambayo ina kituo Mombasa, inatoa mtihani wa ufundi kwa gredi ya III, II na I, na cheti chake kinatambulika kazini.

Akiba, mchezo na Sacco

Matokeo ya KCSE siku hizi hutoka Januari na wanafunzi wengi wa chuo kikuu huripoti kuanzia Agosti au Septemba. Katikati kuna kama siku 240. Sh100 kwa siku ni Sh24,000. Ukianza mtoto akiwa anaingia Kidato cha Nne, Sh70 kwa siku kwa mwaka ni Sh25,550. Si karo yote ya kila kozi, lakini ni ile pesa ya kuripoti, ambayo ndiyo inayotafutwa usiku wa mwisho kwa mikopo ya bei mbaya. Akiba ya simu yenye kufungwa inasaidia kwa sababu moja tu: haikupi nafasi ya kubadilisha mawazo Ijumaa jioni.

Mchezo nao una kazi yake, na akina mama wa Kisauni na Likoni wameujua kabla ya sisi kuzaliwa. Watu 12, kila mmoja Sh3,000 kwa mwezi, anayepokea anapata Sh36,000 bila riba hata senti. Siri yake ni zamu. Anayepokea mwanzo amekopeshwa bure na wenzake. Anayepokea mwisho amejiwekea akiba. Mwenye mtoto wa kuripoti Septemba aombe zamu ya Agosti, na aiombe mapema mchezo unapopangwa, siyo Julai. Hatari ni yule anayekula zamu yake kisha anahama mtaa. Chezeni na mnaojuana, na michango itumwe kwa simu kwa mweka hazina ili kila mtu abaki na ujumbe wake. Kumbukumbu ya mdomo huwa inasahau upande mmoja.

Sacco ni hatua ya juu yake. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, kwa riba ya kama asilimia 1 kwa mwezi kwenye deni linalobaki. Chukua Sh40,000 kwa miezi 12, ukipunguza deni kwa kiasi sawa kila mwezi: riba yote haizidi Sh2,600. Lakini Sacco si ya kukimbiliwa wiki ya kuripoti. Itataka uwe mwanachama kwa miezi kadhaa, na wadhamini. Mzazi mwenye mtoto wa Kidato cha Pili, huu ndio wakati wako. Kama Sacco inapokea amana, hakikisha ina leseni ya SASRA.

Familia nyingi hapa kwetu hazigusi riba, na hilo si letu kulijadili. Kwenu, skolashipu, bursari, akiba na mchezo ndizo njia za kuanza nazo, na benki zinazofuata sharia zipo Mombasa mkitaka kuuliza. Kuhusu HELB na ile asilimia 4 yake, muulizeni mwanachuoni mnayemwamini kabla ya kujaza fomu, siyo baada.

Mkopo wa simu: hesabu yake kamili

Sasa tufike kwenye ule mkopo unaoingia kwa sekunde kumi. Mkopo wa simu wa kawaida una ada kama asilimia 7.5 kwa siku 30. Asilimia 7.5 inasikika ndogo, karibu na ile 4 ya HELB. Lakini moja ni ya mwezi na nyingine ni ya mwaka.

Kopa Sh40,000. Kwa HELB, riba ya mwaka ni Sh1,600. Kwa Sacco tumeona Sh2,600. Kwa mkopo wa simu, ada ya mwezi mmoja ni Sh3,000. Ukishindwa kumaliza, ukawa unalipa ada na kukopa tena kila mwezi, mwaka ukiisha umelipa Sh36,000 za ada na deni la Sh40,000 liko pale pale halijaguswa. Hiyo ni karibu karo nyingine nzima.

Kwa nini iwe hivyo? Mkopo wa simu umetengenezwa kwa mtu ambaye pesa yake inarudi haraka. Muuza samaki anakopa elfu tatu alfajiri, ananunua mzigo, jioni amelipa. Karo haifanyi kazi hivyo. Karo inazaa matunda miaka mitatu baadaye. Kuilipia kwa mkopo wa mwezi mmoja ni kupanda mnazi na kutaka madafu kesho.

Kuna hali moja tu tunayoiona inafaa: pesa unayo na inakuja kwa tarehe unayoijua, lakini siku ya mwisho ya kusajiliwa ni kabla yake. Mshahara ni tarehe 30, usajili ni tarehe 27, pengo ni Sh5,000. Kopa hizo elfu tano, si zaidi, na ulipe tarehe 30. Kukopa mkopo mmoja kulipa mwingine, au kuwapa wanao wakukopee kwa laini zao, hapo umeshatoka kwenye karo na kuingia kwenye shida nyingine.

Kabla ya kukopa chochote, nenda ofisi ya fedha ya chuo. Vyuo vingi vya umma hukubali kulipwa kidogo kidogo, kwa barua inayosema utalipa kiasi gani na lini. Kikwazo huwa ni kadi ya mtihani, kwa hivyo panga malipo yaishe kabla ya wiki hizo. Mzazi akienda mwenyewe na barua mkononi, anasikizwa vizuri kuliko mwanafunzi anayeenda wiki ya mtihani akilia. Hiyo barua haina riba.

Kulipa bila pesa kupotea njiani

Nambari ya Paybill ichukue kwenye barua rasmi ya kujiunga au tovuti ya chuo, siyo kwenye kundi la WhatsApp la "wanafunzi wapya". Baadhi ya vyuo vya umma sasa hulipwa kupitia eCitizen, ambayo Paybill yake ni 222222, na hapo mfumo wenyewe hukupa nambari ya malipo ya kujaza kwenye sehemu ya akaunti. Vingine vina Paybill yao, na akaunti ni nambari ya usajili ya mwanafunzi. Nambari hizo huwa na mistari na herufi, kwa hivyo zinakili kama zilivyo. Kabla ya kuweka PIN, simu inakuonyesha jina la unayemlipa. Lisome. Kama ni jina la mtu badala ya chuo, acha hapo hapo. Chuo cha umma hakilipwi kwa kumtumia mtu pesa, hata akijiita karani wa karo.

Kutoa pesa kwa ajenti kisha kuzipeleka benki ni kulipa ada mara mbili, na kutembea na karo mfukoni pale Ferry saa za msongamano ni mtihani mwingine. Lipa moja kwa moja kutoka kwenye simu. Kiwango cha juu kwa muamala mmoja ni Sh250,000 na kwa siku ni Sh500,000, kwa hivyo karo ya muhula inapita. Kama ami yuko Doha au shangazi yuko Muscat na ndiye anayesomesha, mwambie atume kwa huduma inayoingia kwenye simu, halafu ulipe chuo bila kuzitoa, na umtumie ule ujumbe wa uthibitisho. Anayetuma kutoka mbali anastahili kuona zimefika wapi.

Saiba nyingi zitakujazia fomu za KUCCPS na HELB kwa ada ndogo, na ni msaada mzuri kwa asiye na kompyuta. Kaa pale pale anapojaza. Nywila ichague mwenyewe, barua pepe iwe yako, na nambari ya simu iwe yako, siyo ya mwenye saiba. PIN ya pesa zako haihitajiki kwenye fomu yoyote ya masomo.

Ukishalipa, usifute ujumbe. Uandike pia kwenye daftari: tarehe, kiasi, nambari ya muamala. Baada ya siku mbili tatu angalia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi kama malipo yameonekana. Kama hayajaonekana na ulikosea herufi moja kwenye nambari ya usajili, pesa huwa ziko kwa chuo, ila hazijui ni za nani. Peleka ujumbe ule na kitambulisho cha aliyelipa kwenye ofisi ya fedha, wazihamishe. Kama ulikosea Paybill yenyewe, piga huduma kwa wateja mara moja, ukiwa na nambari ya muamala mkononi, kabla aliyezipokea hajazitumia. Na kama laini uliyolipia ni ya mtu mwingine, atapiga yeye, si wewe.